Mwalimu Masinde na Maji ya Ngege Wake

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Malava, familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Onesmus Masinde, aliyezaliwa papa hapa tarehe 14 Machi 1946, mwana wa pili wa Mzee Wanyonyi na Mama Awinja, akaanza masomo mwaka 1954, akahitimu ualimu mwaka 1967, akafundisha sayansi hadi maradhi yalipomtoa darasani.

Tarehe 12 Desemba 1970 alimwoa Beldina, wakajaliwa Risper, Sydney na Wendy, wakajenga Shirere, na huko, mwaka 1993, Mwalimu alitengeneza tangi la samaki aina ya ngege nyuma ya nyumba, na kando yake kitalu cha kokoto alimopanda sukuma wiki, akawa kila asubuhi anateka maji ya samaki kwa ndoo na kuyamwaga kwenye kokoto, mboga zipate mbolea, nayo maji yarudi tangini yakiwa yamesafika.

Samaki wa kwanza walikufa wote, kwa kuwa aliwajazia maji ya bomba yenye dawa, akashinda ukingoni siku hiyo bila hata kunywa chai, lakini tangu hapo aliyaacha maji yalale kwenye pipa wazi kwanza, dawa iyatoke, akajifunza kuyanusa, na majirani wengi waliopo hapa wamekula ngege wake.

Februari 1998 chakula kilianza kumkwama kooni, ikaonekana ni saratani, akalazwa, na wageni waliokuja kumfariji Beldina wakawa, kwa huruma tu, wanawatupia samaki mabaki ya obusuma, yaani ugali, maji yakaoza, samaki wakaelea juu wakihema, wengi wakafa. Beldina alikwenda wodini akamweleza bila kumficha, naye, sauti ikiwa imekauka, akamwambia, “Mama Risper, usiwalishe kwanza, maji badilisha kidogo kidogo, na kokoto usizioshe, utelezi wake ndio unaosafisha maji.” Beldina na jirani Pascalia wakateka na kumwaga, mikono ikachubuka, na wale waliobaki wakapona.

Julai alirudi nyumbani, akabebwa kwa kiti hadi tangini, akatamani supu ya ngege, Beldina akampikia, ikashindikana kumeza, akampa Wendy bakuli, akamtazama akila hadi akamaliza. Tarehe 9 Agosti 1998, adhuhuri, alituacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na kulipopambazuka kesho yake tulimsikia Beldina nyuma ya nyumba akiteka maji huku akilia, wala hakuna aliyethubutu kumpokea ndoo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Shirere, na wewe Pascalia.

Mwalimu, umechoka, pumzika kwa amani.