Kitambaa cha Manjano Kwenye Cherehani

Mama Pindo, kama mtaa mzima ulivyomwita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Dada yake alimtangulia kuzaliwa, na wawili hao walikuwa chanda na pete. Cherehani cha nyumbani kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono: dada akizungusha gurudumu, yeye akiongoza kitambaa.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na soko hadi mwaka 1965. Mwalimu wake alimwita mama yao akamwambia, "Huyu mpe mkasi, mama. Chaki nazimaliza bure."

Mwaka 1974 aliolewa na fundi redio, aliyekuwa ameleta suruali ileile kupunguzwa mara tatu, hadi dada mtu akamwuliza, "Shemeji, unataka suruali au kaptula?" Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alifariki mwaka 2009.

Mama yao alifariki mwaka 1983 bila wosia, lakini alikuwa amemnong'oneza kila binti kwamba cherehani ni chake. Maneno yakawa makali, dada akafunga mizigo akahamia mji mwingine. Tangu hapo walikutana misibani tu, wakasalimiana kama watu wa foleni moja. Mama Pindo akajifunza kuzungusha kwa mkono wa kulia na kuongoza kwa wa kushoto. Kiti cha upande wa pili wa meza hakukiondoa, wala hakumruhusu mteja kukikalia. Alimkumbuka dada yake kila siku ya Mungu.

Ndiyo maana aliapa kwamba wanawe hawatagombana. Tangu utotoni kila mmoja alikuwa na rangi yake ya taulo na kikombe: buluu, kijani, nyekundu. Mwaka 2019 alifunga vipande vya vitambaa vya rangi hizo kwenye kila kitu ndani ya nyumba, kisha akawaita wote kwa chakula cha mchana, pamoja na wakili.

"Mwenye neno aseme sasa, nikiwa bado na masikio," alisema.

Kitinda mimba akabadilishana kabati na kaka yake kwa friji, wakacheka, yakaisha. Wakili alipoleta wosia wa kurasa kumi na moja, mama aliupima kwa macho.

"Baba, nguo hii inaburuza. Kata pindo."

Ukawa ukurasa mmoja, unaoeleweka na yeyote ajuaye kusoma, ukasainiwa mbele ya mashahidi. Habari zikaenea. Aliyekuja kupunguza sketi aliondoka ameshaamua nyumba yake ataachiwa nani, na wakili akawa hakosekani dukani kwake.

Cherehani tu kilifungwa kitambaa cha manjano. Binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, alimwuliza, "Mama, manjano ni ya nani?"

"Ya mwenyewe. Hilo nitamwambia kwa mdomo wangu."

Mara kwa mara alipiga simu. Akisikia "haloo" ya dada yake, alikata, kisha akakaa na simu mapajani. Yeye aliyewarahisishia wengine kusema la moyoni, lake mwenyewe hakulisema.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Wodini alikuwa akiuliza, "Dada amekuja?" Hatimaye bintiye alipiga simu bila kuomba ruhusa, akajibiwa, "Napanda basi sasa hivi." Mama Pindo alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni. Dada yake alifika jioni.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na dada mmoja.

Mama mkubwa, umekaa hapa mbele yetu. Haya yalikuwa ya kusemwa na yeye, nasi tunayasema kwa niaba yake: manjano ni rangi yako. Cherehani ni chako. Na kiti chako, upande wa gurudumu, hakuna aliyewahi kukikalia.

Apumzike sasa. Neno lake limefika.