Gunia la Tatu la Dkt. Petronila Makongoro

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Butiama, na ninyi wageni mliotoka Musoma, Bunda na Dar es Salaam, familia ya Mzee Bonifasi Makongoro inawashukuru kwa kufika, na imemteua Ryoba, mdogo wake aliyemfuata, yule ambaye marehemu alimwachia ziwa, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba mumvumilie, kwani yeye ni mtu wa ng'ombe, si wa karatasi, na katika karatasi hii kuna sehemu ambayo wazee walimshauri airuke, naye amekataa.

Dkt. Petronila alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, hapa hapa Butiama, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Bonifasi na Mama Agness Ghati, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, sekondari mjini Musoma hadi 1989, kidato cha tano na cha sita mkoani Tabora, na mwaka 1993 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam kusomea jiolojia, akahitimu mwaka 1997. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu hatumwi kuulizia bei dukani, maana ataulizia mpaka mwenye duka afunge aende zake nyumbani. Wengi mliosoma naye mnacheka kwa sababu mnajua ni kweli.

Mwaka 1998 aliajiriwa chuoni kama mhadhiri msaidizi, na tarehe 28 Julai 2001 alifunga ndoa kanisani Musoma na Mwalimu Ngusa Masatu wa Nyasura, Bunda, wakajaliwa watoto wawili, Jenipher, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2002, na Bonifasi, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2006. Katikati ya malezi hayo alikwenda ng'ambo mwaka 2003, akarudi mwishoni mwa 2007 akiwa daktari, si wa sindano, bali wa kupima umri wa madini, na kwa wale msioijua kazi hiyo, aliieleza hivi jikoni kwa mama yake: jiwe likiwa chini sana lina joto, halitunzi alama yoyote, ila mlima ulio juu yake unapoliwa na mvua na upepo, jiwe lile husogea karibu na juu, hupoa, na punje zake huanza kuweka mikwaruzo midogo sana, kwa hiyo ukiihesabu mikwaruzo hiyo kwa hadubini utajua jiwe limepoa tangu lini, na mlima umepungua kiasi gani. Mama alimjibu kwamba basi na vilima vya hapa vinazeeka, naye akasema ndiyo, hata vyenyewe.

Mwezi Agosti 2009 alikuja kuvipima vilima hivyo. Alichota mchanga kwenye kijito kilicho chini ya vilima, ng'ambo ya Nyamuswa, akajaza magunia matatu, akayafunga kwa mkono wake, kisha yeye akatangulia Bunda kwa basi, akimwachia Ryoba ayalete kwa pikipiki. Ilikuwa Jumanne, tarehe 11. Gunia la tatu liligusa ekzosi, likaungua tundu, na Ryoba alipofika Nyamuswa akakuta nusu yake imemwagika njiani. Kurudi kijitoni kulikuwa mbali, mnadani dume lake lilikuwa linasubiri wanunuzi, na pembeni ya barabara palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi wa Bwana Hamduni, mfanyabiashara wa Bunda aliyekuwa akijenga duka pale. Ryoba aliazima koleo, akalijaza gunia, akashona tundu kwa kamba ya katani, akijiambia kwamba mchanga ni mchanga tu. Gunia lilifika Nyasura limejaa, na hakumwambia mtu.

Punje za gunia lile zilitoa umri ambao haukutarajiwa na yeyote, umri mdogo mno, ukionyesha kwamba vilima vya kwao vimepoteza mawe kwa kasi ambayo haijawahi kusikika, na mwaka 2011 marehemu aliuandika utafiti huo, akasifiwa, akaitwa huku na huku kuueleza. Mwaka uliofuata walikuja wataalamu wengine, wakachota kijito kile kile, wasikute punje kama zile. Januari 2013 marehemu alimpigia Ryoba simu, akamuuliza kama magunia yalipata tatizo lolote njiani, na Ryoba akajibu kwamba yalifika kama alivyoyafunga.

Mwezi Mei mwaka huo aliufuta utafiti wake mwenyewe, kwa barua yenye sahihi yake. Nafasi ya uprofesa ikampita, wapo waliosema amepika namba, wapo waliokuwa marafiki wakaacha kupiga simu, na mwaka 2014 alihamia na familia yake Makoko, mjini Musoma, akawa anafundisha kwa vipindi. Lakini hakukubali kushindwa, na kila kiangazi, kuanzia 2013 hadi 2023, alirudi kwenye kijito kile kuchekecha mchanga, akitafuta punje zile. Aliyembebea magunia miaka yote hiyo kumi na moja ni Ryoba. Alimwona akiinama majini mgongo ukimuuma, akiyauliza maji kana kwamba yana mdomo, na alinyamaza, kwa aibu kwanza, halafu kwa sababu kila mwaka uliopita ulifanya mwaka unaofuata kuwa mgumu zaidi kusema.

Ugonjwa wa figo uligundulika mwezi Machi mwaka huu wa 2025, na kuanzia Agosti alilazwa hospitalini Musoma. Jumanne, tarehe 16 Septemba, alimwomba Ryoba aende peke yake kijitoni, amletee gunia moja la mwisho. Ryoba alishindwa kuinuka kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda, akamwambia yote. Marehemu aligeukia ukutani, na kwa siku mbili uji akiletewa na Ryoba haupokei mpaka Jenipher ampe yeye.

Siku ya tatu aliuliza lundo lilikuwa la nani. Bwana Hamduni akapigiwa simu, akaja na mkewe, Bi Mwanaupe, akasema mchanga ule lori lilikuwa likiuchota kwenye mto mmoja wa upande wa Bunda chini, na mahali penyewe anapajua. Marehemu alikaa kitandani, jambo ambalo alikuwa haliwezi kwa wiki nzima, akasema, "Miaka yote hiyo nilikuwaga nauliza mto, kumbe nilitakiwa kumuuliza mdogo wangu." Kisha akamwambia Jenipher aandike barua kwa wenzake kwamba hesabu zake hazikuwa na kosa, ila zilikuwa za mto mwingine, wakachote huko. Punje zilizobaki zilikuwa kwenye kopo nyumbani Makoko, akaagiza liletwe, na lebo mpya akataka iandikwe na Ryoba kwa mkono wake: mchanga wa ujenzi, Nyamuswa, 11 Agosti 2009, mchukuaji Ryoba Makongoro.

Hakusema kama amesamehe, na Ryoba hakuthubutu kuuliza. Dkt. Petronila alifariki Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, na majibu ya barua ile bado hayajafika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makoko waliompikia uji kwa zamu, na Bwana Hamduni na Bi Mwanaupe waliokuja walipoitwa, bila kuuliza lundo lao lilipungua kwa nini. Inawashukuru wenzake wa chuoni, mlioendelea kumpigia simu na mlioacha, na ninyi mlioacha mnaombwa mrudi Dar es Salaam na neno moja tu, kwamba Petronila hakupika namba.

Dada, kazi yako ilikuwa safi, na aliyeichafua ndiye huyu anayesoma mbele ya watu wako, ili wasikuulize wewe tena. Pumzika sasa, kwa amani uliyocheleweshewa.