Nilivyomfundisha Mama Mkwe Kutosimama

Mama zangu, na nyinyi akina dada, nimeomba kusimama leo kwa sababu nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, mume wangu akiwa kizuizini, mimi na mama yake tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, hapa hapa Embu. Kila mwanamke aliyeweza kusimama alipelekwa kulichimba handaki hilo. Mama mkwe alikuwa mzee sana, lakini aliweza kusimama, basi naye akachimba.

Nikasikia kuna misheni upande wa Nkubu yenye nyumba ya kutunza wazee wasiojiweza. Nesi wa pale aliwapima wazee kabla ya kuwapokea: simama, tembea mpaka mlangoni, shika kikombe, taja watoto wako. Nikamwambia, "Mama, ukiambiwa simama, wewe keti tu. Kikombe kiangushe."

"Nidanganye, mwanangu?"

"Kidogo tu, Mama."

Nilisema namwokoa na jembe, na ni kweli. Lakini ndugu zangu, sitawaficha: niliutaka pia mgao wake wa unga ubaki kwangu. Nilikuwa na njaa.

Akakubaliwa. Wakamlaza, wakamlisha kwa kijiko, wakambeba hadi chooni. Naye, kwa kuogopa kurudishwa, hakuinuka kamwe. Nilipopata pasi, kibali cha kutoka kijijini kwenda kumwona, miezi ilikuwa imepita. Nikamnong'oneza, "Inuka, Mama, hakuna anayetuona." Akashusha miguu, akajaribu. Miguu ikakataa.

Akaniangalia. "Sasa sidanganyi," akasema.

Nikaenda kwa nesi nikilia, nikamweleza yote. Nilijua atatufukuza. Akasema, "Nilimpima mara moja, akiwa na hofu, na sikuuliza nyumbani alikuwa akifanya nini. Kosa si lako peke yako."

Tangu hapo hakuyaamini tena maswali yale pekee. Wazee walioletwa kupimwa aliwaita jikoni wapukuchue mahindi, akawatazama wakila, wakivaa, akauliza jamaa zao. Kumbe mmoja aliyejibu yote vizuri hakuweza hata kujilisha! Mama naye akapewa fimbo, akawa anashikwa mkono kila asubuhi.

Alirudi nyumbani akitembea, polepole. Shambani hakufika tena. Alinisamehe, mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Namshukuru nesi yule, na nyinyi mlionigawia uji wenu wakati ule kijijini. Mkiulizwa mzee wenu anaweza nini, semeni ukweli wote. Na kama mmechoka kumtunza, au njaa imewazidi, lisemeni hilo pia. Mimi niliona aibu kulisema, na aliyeumia ni yeye.