Unyuzi Mmoja Kwenye Mpira wa Kamera

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Meneja, ndugu wapiga mbizi, wageni waalikwa, na wewe mdogo wangu uliyekaa nyuma na mkono wako kwenye bandeji: habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme maneno matamu kuhusu karakana hii mpya. Ni nzuri, hongereni. Lakini mimi mnayeniita Mama Grisi kazi yangu ni kutengeneza kamera za majini, si kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwezi uliopita mdogo wangu, huyu mnayemwita Kambare, alishuka kupiga picha za ufa kwenye nguzo ya daraja. Alizipata, akapanda. Kamera ilitakiwa ije kwangu, ilowekwe kwenye maji yasiyo na chumvi, ikaushwe, ndipo kasha lake lifunguliwe. Wapi! Bwana Meneja, ulikuwa na wageni. Ulilifungua wewe mwenyewe juu ya meza ya mkutano, likiwa linachuruzika, ukawaonyesha picha, ukalibana, ukamwambia Kambare, "Haya, kamalizie upande wa pili."

Nani aliukagua ule mpira unaozuia maji? Nani aliufuta? Nilipolifungua kasha baadaye nilikuta unyuzi wa kitambaa cha meza umelala juu yake, na maji hayana haya, hayahitaji mlango. Kamera ilijaa, picha zote zikafa, na Kambare akarudishwa chini na kamera ya akiba jioni, maji yameshachafuka. Waya uliomkata hakuuona.

Kisha ofisi ikasema nini? "Uzembe wa mpiga mbizi." Jamani! Afungue mwingine, aumie mwingine, halafu aliyeumia ndiye mzembe? Nilimfokea hospitali: kwa nini ulikubali kushuka tena? Akanijibu, "Dada, ningemwambiaje bosi hapana mbele ya wageni?" Nililia, sioni aibu kusema. Daktari hajui kama vidole vile vitakunjika tena, na mtu huyu hajui kazi nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, naomba uushikilie mkasi kidogo, utepe hautakimbia. Bwana Meneja, mdogo wangu yule pale, mstari wa mwisho. Mwambie kosa lilikuwa la nani, kwa sauti, na wageni wasikie. Tunakusubiri.

Nami nawashukuru nyote mlionisikiliza.