Siku Niliyovua Hirizi Mlangoni pa MRI

Mwakeye, ndugu zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha dagaa ameniomba niseme yaliyonipata, na nimekubali, maana wengi wenu mliniona nikibebwa mgongoni kama mtoto.

Mnajua nimeanika dagaa hapa Kibirizi tangu sijaolewa. Mwaka juzi miguu ikaanza ganzi. Siku moja nilikanyaga peku mchanga wa saa saba mchana, nisiusikie. Siku nyingine kandambili ikanivuka, nikaenda hatua kumi bila kujua. Mlicheka, na mimi nikacheka. Baadaye nikawa natembea kwa kushika ukuta. Nilipigwa eksirei, mifupa ikaonekana mizima. Nikameza dawa za maumivu, ganzi ikazidi kupanda.

Sasa nawaambia jambo la aibu. Nilikwenda kwa mganga. Akasema kuna mtu wa ndani ya ukoo amenifunga miguu. Yeye hakutaja jina. Mimi ndiye niliyetaja. Nilikuwa nimegombana na wifi yangu wa Buzebazeba kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba mkwe, ugomvi ambao haukuwa hata na mwaka. Nikapewa hirizi ya kikopo cha bati, nikaifunga kiunoni, mume wangu asijue. Kisha nikampigia wifi simu nikamwambia asikanyage kwangu, yeye mchawi. Akajibu, "Sawa, wifi," akakata.

Nilipofikia hali ya kutoweza kusimama, mume wangu alinipeleka kwa daktari mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu. Alinigonga magoti kwa kinyundo kidogo, akanipitishia pamba miguuni.

"Mama, eksirei inaona mifupa," akasema. "Mimi nataka kuona mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Nenda Mwanza ukapige MRI."

Tukapanda basi. Tulikuwa hatujapita hata Kidahwe, na mimi tayari nimelazwa kwenye viti vya nyuma.

Mlangoni pa chumba cha kipimo, mtaalamu, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

"Humu ndani ni sumaku kubwa, mama, na haizimwi. Inavuta chuma kwa nguvu. Inaweza kukuumiza."

"Sina, mwanangu."

Akamwomba mume wangu atoke, akafunga mlango, akakaa karibu yangu. "Kiunoni umefunga nini? Si wewe wa kwanza."

Nililia, ndugu zangu. Nikaifungua. Akaiweka kwenye trei pamoja na hereni zangu, bila kuitazama mara mbili.

Nikamuuliza mashine ile itanifanya nini. Akasema haina mionzi kama ya eksirei. Mwili wetu mwingi ni maji, na ndani ya maji kuna chembe ndogo mno, kila moja kama kisumaku. Ile sumaku kubwa inazipanga. Mashine inatuma mawimbi ya redio, chembe zinayumba. Mawimbi yakikatwa, zinarudi mahali pake, na zikirudi zinatoa ishara. Mafuta yana kasi yake ya kurudi, maji yana yake, nyama ina yake. Kompyuta inazipokea ishara hizo na kuchora picha ya ndani.

Nikaingizwa kwenye lile tundu. Mashine inagonga kama mafundi wa mitumbwi wanaoshindana. Nilipewa kipira mkononi nikibonyeze nikizidiwa. Nilitaka kukibonyeza mara nyingi. Sikubonyeza.

Kesho yake daktari wa hapo Mwanza alituonyesha picha. Mshipa ulikuwa umenyooka vizuri, halafu mahali pamoja umebanwa na uvimbe mdogo kama harage.

"Hauonekani kuwa saratani," akasema, "ila tutapima tukishautoa. Aina hii hukua polepole. Huu una miaka kadhaa."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Miaka kadhaa. Ulikuwepo kabla ya ule ugomvi wa kiwanja, na papo hapo nikaona uso wa wifi yangu.

Nilimpigia nikiwa wodini. "Wifi, nilikukosea. Ni uvimbe."

Akauliza, "Unapasuliwa lini?"

"Alhamisi."

"Nakuja."

Akaja. Siku mbili baada ya upasuaji nesi alinigusa kidole cha mguu kwa pamba, nikasema, "Unanitekenya." Wifi alitoka nje kulia. Majibu ya maabara yakaja: si saratani. Wiki tatu wifi alinisimamisha kila asubuhi, ananishika kiuno, ananihesabia hatua.

Nawashukuru madaktari, na yule dada ambaye hakunidharau. Nawashukuru ninyi mlioanika dagaa wangu nilipokuwa sipo. Wifi yangu ameniruhusu niyaseme haya mbele yenu.

Ganzi ikikukaa, usiizoee, nenda upimwe. Na kabla hujapimwa, usitaje jina la mtu. Mimi nilimtaja mtu, na huyohuyo ndiye aliyenifundisha kutembea tena.