Dawa ya Kupimiwa kwenye Kopo Langu

Siku uvumilivu uliponiishia, mwenye duka la dawa kule Kasulu alichovya kidole kwenye ndoo yake nyeupe, akakipeleka kwenye shavu la binti yangu wa miezi saba. Mtoto alikuwa na vipele vya joto tu. "Mpake hiihii ya mama yake," akasema, "wiki moja anakuwa kama yai." Nikamdaka mkono. Nikamwambia, "Ukimgusa, nakung'ata." Ndugu zangu, msicheke. Ningemng'ata.

Wanakikundi wenzangu, mnajua nilivyokuwa, maana mlinikodolea macho. Baada ya kujifungua, viwiko na magoti vilitoka mabaka mekundu yenye magamba meupe. Nikikung'uta kitenge, magamba yanamwagika kama pumba. Mlikuja kunipongeza hapa Kumsenga, mkanisalimu "Mwakeye" kutoka mlangoni, mikono mmeificha kwenye khanga. Mtoto hamkumpakata. Mmoja wenu alimwambia mama mkwe wangu, nami nasikia, "Huo ni ukoma, mtengeeni sahani." Nikatengewa. Simtaji, anajijua.

Nilianza na mafuta ya mise, haya ya kokwa za mchikichi. Yalilainisha magamba, muwasho ukapungua, lakini mabaka yalibaki palepale. Ndipo nikaenda kwenye lile duka. "Fangasi hiyo," akasema bila kunishika.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, ambao ni wenu pia. Sokoni tumezoea kwenda na kopo, tunapimiwa mafuta, tunaondoka. Basi hata yeye tukampelekea makopo! Anachota na kijiko kwenye ndoo, anakufungia kifuniko chako. Hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayesoma mpaka pakiti ya chumvi, sikuuliza.

Na ilifanya kazi, siwadanganyi. Wiki moja tu ngozi ikawa laini, nanyi mkaanza kunipa mkono. Nikapaka kila siku, miezi mitano. Ngozi ya viwiko ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, nikijigonga kidogo damu. Nikiacha siku chache, mabaka yanarudi na wenzao. "Ongeza," ananiambia yule. "Ngozi yako ina kiburi." Ngozi yangu ina kiburi!

Siku ile ya kidole nilitoka dukani kwake moja kwa moja hadi hospitali. Mama mmoja mtaalamu wa ngozi akanishika viwiko kwa mikono mitupu. Nikalia. Akasema, "Mwanangu, hii ni soriasisi. Haiambukizi. Haiishi kabisa, ila inatulizwa." Akanipangia dawa: kuna marhamu ya kung'oa magamba, kuna krimu kali ya steroidi, ambayo inashusha mabaka haraka lakini unapaka kidogo, juu ya baka tu, kwa wiki alizokuhesabia, kisha unapunguza; halafu kuna ya aina ya vitamini D, ya polepole, unayoweza kwenda nayo muda mrefu. Kuna na ya lami, nayo inasaidia, ila inanuka na kuchafua shuka. Mise yangu hakuidharau. Alisema inalainisha, isipewe kazi isiyo yake. Aliponusa kopo langu na kutazama tena ngozi ya viwiko, akakunja uso. "Nadhani ni steroidi kali. Kwa mtoto mchanga? Hapana!"

Nikaenda ofisi ya wilaya kushtaki. Afisa akageuza kopo. "Dada, hili kopo ni la nani?" Langu. "Sasa nitajuaje ametoa yeye?" Ndugu zangu, nilitaka kupasuka. Ujanja wote wa yule mtu ulikuwa kwenye makopo yetu.

Nikarudi hapa, nikawaeleza yote. Kina mama sita mkanitolea makopo yenu, na wawili mkakiri mnawapaka watoto. Yule wa sahani alikuja wa kwanza, kopo mkononi, analia. Nimemsamehe, lakini bado nina hasira. Asanteni mliopanda gari nami mpaka Kasulu. Asante mama wa hospitali. Viwiko vyangu leo mnaviona, vina alama, lakini havitoki damu. Nanyi mnaosikiliza: dawa isiyo na jina msiipokee, hata ikiponya.

Hii ndiyo barua tuliyoipeleka, na afisa aliigonga muhuri mbele yetu:

"Sisi wanawake saba wa Kumsenga tunamlalamikia mwenye duka la dawa tunayemtaja katika karatasi iliyoambatishwa. Anatuuzia dawa ya kupaka kutoka kwenye ndoo, bila jina, bila maelezo, bila kuuliza umri wa mgonjwa. Ametuharibia ngozi. Watoto wawili wamepakwa. Makopo ni yetu, tunakubali. Kilichomo ni chake. Tunaleta makopo saba. Tunaomba kilichomo kipimwe, ndoo ikamatwe, na tujibiwe kwa maandishi. Tutasubiri majibu hapa kwenye benchi, na watoto wetu."