Rimgaudas Petkūnas, Aliyewanoa Vijana Wakaondoka

Ndugu, majirani na nyote mliofika katika baridi hii, familia imenituma mimi, Živilė, binti wa dada yake, niwasomee safari ya mjomba wetu.

Rimgaudas Petkūnas alizaliwa tarehe 9 Novemba 1957 katika kijiji kilicho karibu na Vievis, akiwa kitinda mimba wa watoto watatu, na mwaka 1963 alihamia hapa Elektrėnai na wazazi wake, baba yake alipopata kazi ya kujenga mtambo wa umeme. Alisoma hapahapa hadi mwaka 1975, akaendelea na chuo cha michezo Kaunas, akahitimu mwaka 1980, na Septemba hiyo akaanza kufundisha vijana mpira wa magongo wa barafuni, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa.

Tarehe 16 Juni 1984 alimwoa Danguolė, mhasibu wa mtambo, na tarehe 3 Mei 1987 wakapata mtoto wao wa pekee, Mantvydas.

Mwaka 1996 alikabidhiwa timu ya taifa ya walio chini ya miaka kumi na nane, akawa akisema kwamba nchi kubwa huchagua wachezaji, sisi huwahesabu tukaona kama wametimia. Kila aliyeiva alichukuliwa na klabu za ng'ambo akiwa na miaka kumi na mitano, na mjomba ndiye aliyewasindikiza uwanja wa ndege, akarudi peke yake. Agosti 2002 alimsindikiza mwanawe, aliyekwenda Finland.

Machi 2005 timu ilihitaji ushindi mmoja tu ili isishuke daraja, na klabu ya Mantvydas haikutaka kumwachia. Kijana akapiga simu, mama yake, Danguolė, akiwa kando anasikia.

"Baba, nikija, nafasi yangu atapewa mwingine."

"Basi baki huko, mwanangu. Hapa tutajikongoja."

Walifungwa kwa bao moja, wakashuka. Dukani mzazi mmoja alimwambia mbele za watu, "Kocha, wa kwako umemficha, wa kwetu umewatoa kafara! Mwakani si uingie ucheze mwenyewe?" Mjomba alichukua mkate wake akaondoka, na tangu siku hiyo alikwenda dukani asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa.

Danguolė alifariki tarehe 21 Oktoba 2012. Mantvydas alivunjika goti akiwa na miaka ishirini na mitatu, akabaki hukohuko kama dereva wa mashine ya kulainisha barafu, akaoa, na wajukuu walipopiga simu mjomba aliwasikiliza wakicheka kwa lugha asiyoijua, naye akicheka pamoja nao. Alistaafu mwaka 2019, lakini aliendelea kukaa jukwaani wakati wa mazoezi, safu ya juu, bila kumsemesha mtu.

Mapafu yalianza kumsumbua Februari 2022, akatibiwa Vilnius, na Januari mwaka huu akalazwa tena. Mantvydas alifika tarehe 8, nami nilikuwepo chumbani.

"Baba, siku ile nilipopiga simu, begi lilikuwa limeshafungwa. Nilitaka uniambie njoo."

Mjomba alimgeuzia uso.

"Na mimi nilitaka uje bila kuambiwa," alisema.

Mantvydas akapanda kitandani na viatu vyake, akalala ubavuni mwake, na muuguzi alipoingia hakumfukuza. Mjomba alifariki tarehe 11 Januari 2024, saa nne asubuhi, mwanawe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wa ukumbi wa barafu waliomwachia mlango wazi, na jirani yetu Bronė, aliyempelekea supu ya bitiruti kila Jumapili, akakaa mpaka sahani iwe tupu. Tunawashukuru pia vijana wake kumi na wanane waliorudi kutoka nchi saba ili kumbeba leo. Mjomba, timu imetimia.

Pumzika kwa amani.